Udhibiti wa Vifaa Tiba Nchi kwa Nchi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanunuzi wa hospitali, waagizaji, wahandisi wa vifaa tiba, wauguzi, na yeyote anayeletewa kifaa chenye alama ya nchi ya mbali akatakiwa aiamini. Malalamiko yanayosikika mara nyingi katika ofisi za udhibiti za Afrika Mashariki ni haya: "Kifaa hiki kimekubaliwa Ulaya na Marekani, kwa nini hapa kinacheleweshwa?" Karibu kila jibu lililomo humu linagusa malalamiko hayo kwa namna moja au nyingine, kwa kuwa kibali kinaeleza tu yale yaliyochunguzwa, na nchi hazichunguzi mambo yale yale.

Kifaa tiba ni kitu gani, na kwa nini hakisimamiwi kwa kanuni zile zile za dawa?

Kifaa tiba ni chombo, mashine, kitendanishi, kipandikizi au programu ambayo mtengenezaji ameikusudia itumike kwa binadamu katika kuchunguza, kuzuia, kufuatilia au kutibu ugonjwa au jeraha, na ambayo kazi yake kuu haifanywi na kemikali ndani ya mwili kama ilivyo kwa dawa. Kwa maana hiyo bandeji, bomba la sindano, kondomu, mashine ya presha, kiti cha magurudumu, kipimo cha haraka cha malaria na betri ya moyo vyote vimo katika kundi moja la kisheria.

Dawa ikishakubaliwa, mchanganyiko wake hubaki ule ule kwa miaka mingi. Kifaa hubadilishwa mara kwa mara: leo betri, kesho programu, keshokutwa aina ya plastiki. Usalama wake hutegemea pia mkono wa anayekitumia, umeme unaokiendesha, vipuri na matengenezo. Ndiyo maana mdhibiti wa vifaa hawezi kuridhika na matokeo ya majaribio ya kitabibu peke yake. Anahitaji kujua kiwanda kinafanyaje kazi siku zote, na nani atawajibika kifaa kitakapokwisha kuuzwa.

Kwa nini nchi hazikukubaliana tangu mwanzo juu ya sheria moja?

Kwa sababu hazikuanza safari hii pamoja, wala hazikuwa na shida ile ile ya kutatua.

Nchini Marekani sheria ya mwaka 1938 iliiruhusu mamlaka ya chakula na dawa, FDA, kuchukua hatua dhidi ya kifaa cha hatari au cha udanganyifu, lakini baada tu ya kifaa hicho kuingia sokoni. Mtengenezaji hakulazimika kuomba ruhusa kabla ya kuuza. Udhaifu huo ulidhihirika mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa kitanzi cha uzazi wa mpango kilichoitwa Dalkon Shield, ambacho uzi wake uliosokotwa kwa nyuzi nyingi uliwezesha bakteria kupanda hadi ndani ya mji wa mimba. Wanawake wengi waliugua vibaya na baadhi walifariki. Kiliacha kuuzwa Marekani mwaka 1974, lakini kilikuwa kimekwisha kugawiwa pia katika nchi zinazoendelea kupitia misaada ya uzazi wa mpango. Tarehe 28 Mei 1976 Rais Gerald Ford alitia saini marekebisho ya sheria yaliyoweka kwa mara ya kwanza utaratibu wa kuchunguza vifaa kabla ya kuuzwa, kwa kadiri ya hatari yake.

Ulaya iliingia katika jambo hili kwa mlango mwingine. Maagizo yake matatu, ya mwaka 1990 kwa vipandikizi vinavyotumia nguvu ya betri, ya 1993 kwa vifaa kwa ujumla na ya 1998 kwa vipimo vya maabara, yalitungwa wakati nchi za Ulaya zilipokuwa zikijenga soko moja, na lengo mojawapo kubwa lilikuwa kuhakikisha kwamba kifaa kilichokubaliwa Ujerumani hakizuiwi mpakani mwa Ufaransa. Usalama ulikuwamo, lakini mfumo wenyewe ulijengwa kwa mfano wa bidhaa nyingine za viwandani. Kisha likaja suala la kampuni ya Kifaransa ya Poly Implant Prothèse, maarufu kama PIP, iliyokuwa ikijaza matiti bandia kwa silikoni ya viwandani badala ya silikoni ya kitabibu huku bidhaa zake zikiwa na alama halali ya CE, ambayo huonyesha kwamba kifaa kimetimiza masharti ya kuuzwa Ulaya. Udanganyifu huo uligunduliwa na mamlaka ya Ufaransa mwaka 2010. Nchini Ufaransa peke yake wanawake wapatao 30,000 walikuwa wamewekewa matiti hayo, na mwanzilishi wa kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013.

Lipo jambo moja katika kisa hiki ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Mwaka 2000 wakaguzi wa FDA walikuwa wamekwisha kufika katika kiwanda hicho, kwa sababu ya matiti ya maji ya chumvi ambayo kampuni ilitaka kuyauza Marekani, na kampuni iliandikiwa barua ya onyo. Matiti ya kampuni hiyo yaliendelea kuuzwa Ulaya na Amerika ya Kusini kwa takriban miaka 10 baada ya barua hiyo. Kwa hiyo tofauti ya sheria ilikuwa tatizo, lakini tatizo kubwa zaidi lilikuwa kwamba kile ambacho mdhibiti mmoja alikiona hakikuwasaidia wagonjwa waliokuwa chini ya mdhibiti mwingine.

Tofauti kubwa kati ya Marekani na Ulaya ni ipi hasa?

Tofauti ya kwanza ni nani anayechunguza. Marekani, chombo cha serikali, FDA, ndicho kinachopokea maombi, kuyasoma na kutoa uamuzi. Ulaya hakuna mamlaka moja ya serikali inayotoa kibali cha kifaa. Kazi hiyo hufanywa na taasisi za ukaguzi zilizoidhinishwa na serikali za nchi wanachama, nyingi zikiwa kampuni binafsi zinazolipwa na mtengenezaji mwenyewe, nazo hutoa cheti kinachomruhusu kuweka alama ya CE. Zinazotambuliwa chini ya kanuni mpya ya vifaa ni takriban 50. Wakosoaji wamesema kwa miaka mingi kwamba mkaguzi anayelipwa na anayekaguliwa ana sababu ya kumhurumia mteja wake. Watetezi hujibu kwamba mfumo huo una wataalamu wengi na ulifikisha vifaa vipya kwa wagonjwa mapema. Kwa maoni yangu kisa cha PIP kiliupa upande wa wakosoaji nguvu ambayo haiwezi kupuuzwa.

Tofauti ya pili ni kile kinachochunguzwa. Marekani ina njia kadhaa. Kifaa cha hatari kubwa, daraja la III, kwa kawaida hupitia uidhinishaji kamili unaodai ushahidi wa kisayansi kwamba ni salama na kinafanya kazi. Vifaa vingi vya daraja la II hupitia njia inayojulikana kwa namba ya kifungu chake, 510(k), ambayo humtaka mtengenezaji aonyeshe kwamba kifaa chake kinalingana kwa kiasi cha kutosha na kingine ambacho tayari kipo sokoni kihalali. Njia hii haidai majaribio mapya kwa wagonjwa katika maombi mengi. Kifaa kinacholinganishwa huenda nacho kilikubaliwa kwa kulinganishwa na kingine, na hicho na kingine, hadi kufikia kifaa kilichokuwa kikiuzwa kabla ya sheria ya 1976 na ambacho hakikuwahi kuchunguzwa na mtu. Kwa kifaa kipya kisicho na cha kulinganisha nacho na kisicho cha hatari kubwa, ipo njia ya tatu, De Novo, iliyoanzishwa mwaka 1997.

Ulaya ilikaza masharti yake kwa kanuni mbili za mwaka 2017: namba 2017/745 ya vifaa tiba, iliyoanza kutumika tarehe 26 Mei 2021 baada ya kuahirishwa kwa mwaka mmoja kwa sababu ya UVIKO-19, na namba 2017/746 ya vipimo vya maabara, iliyoanza tarehe 26 Mei 2022. Kanuni hizi zinadai ushahidi zaidi wa kitabibu, hasa kwa vipandikizi, zinawalazimisha wakaguzi kufika viwandani bila taarifa, na zinamtaka mtengenezaji aendelee kukusanya ushahidi baada ya kuuza. Kazi ikawa kubwa kuliko uwezo wa taasisi za ukaguzi, na mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ukalazimika kuongeza muda kwa vifaa vyenye vyeti vya zamani: hadi mwisho wa 2027 kwa vile vya hatari kubwa na hadi mwisho wa 2028 kwa vingine, kwa masharti. Mnunuzi wa Afrika Mashariki anapaswa kulifahamu hili, kwa sababu vifaa viwili vyenye alama ile ile ya CE vinaweza kuwa vimepimwa kwa sheria mbili tofauti. Njia ya kujua ni kuomba cheti chenyewe na kusoma kimetolewa chini ya sheria ipi.

Je, kifaa kinaweza kuwa halali upande mmoja wa bahari na kisiwe halali upande mwingine?

Ndiyo, na mfano mzuri ni nyonga bandia za chuma kwa chuma za familia ya ASR, zilizotengenezwa na kampuni ya DePuy. Aina iliyofunika kichwa cha mfupa ilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2003 ikiwa na alama ya CE. Nchini Marekani haikuwahi kupata idhini. Aina ya pili, ya nyonga nzima, iliingia Marekani kwa njia ya 510(k) bila majaribio mapya kwa wagonjwa. Australia, yenye daftari la taifa linalofuatilia kila mgonjwa aliyewekewa kiungo bandia, iliona mapema kwamba wagonjwa wengi kupita kiasi walikuwa wakirudi kufanyiwa upasuaji upya, na nyonga hizo ziliondolewa katika soko lake mwaka 2009. Dunia nzima ilifuata Agosti 2010, wakati watu wapatao 93,000 walikuwa tayari wamewekewa. Katika kisa hiki hakuna kibali cha awali kilichowaokoa wagonjwa; kilichofichua tatizo ni daftari.

Madaraja ya hatari ni yale yale kila mahali?

Hapana, ingawa yanafanana kwa sura. Marekani na China zina madaraja matatu. Umoja wa Ulaya una I, IIa, IIb na III kwa vifaa, na A hadi D kwa vipimo vya maabara. Japani, Brazili na Kanada zina manne kwa namba za Kirumi au za kawaida, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, hutumia A, B, C na D, ambapo D ndiyo hatari kubwa zaidi.

Makosa hutokea pale mtu anapodhani kwamba daraja la II la Marekani ni sawa na daraja la pili la nchi nyingine. Kondomu ni daraja la II Marekani lakini ni IIb Ulaya, yaani karibu na kilele. Glavu za uchunguzi ni daraja la I kote kuwili, ila Marekani zinahitaji ombi la 510(k) kabla ya kuuzwa, ilhali Ulaya, zisipokuwa zimetakaswa, mtengenezaji hujitangazia mwenyewe kwamba ametimiza masharti. Anayejaza fomu za usajili asinakili daraja kutoka kwenye cheti cha nje; alitafute upya kwa kanuni za nchi anayoomba.

Msambazaji ametuonyesha cheti cha "kusajiliwa FDA". Je, kinatosha?

Hakitoshi, na mara nyingi hakina maana ambayo mnunuzi anapewa. Viwanda vinavyouza vifaa Marekani vinatakiwa kujiandikisha kwa FDA na kuorodhesha bidhaa zao. Huo ni uandikishaji tu: FDA yenyewe haitoi vyeti vya uandikishaji, na kanuni zake zinasema wazi kwamba namba ya uandikishaji haimaanishi kuwa kifaa kimeidhinishwa. Vyeti vyenye tai na mihuri ya rangi vinavyozunguka sokoni hutolewa na kampuni binafsi za uwakala, na nembo ya FDA hairuhusiwi kutumiwa na wafanyabiashara kupamba bidhaa zao.

Kinachopaswa kuombwa ni namba ya kibali chenyewe. Namba ya 510(k) huanza na herufi K, ya uidhinishaji kamili huanza na P, na ya De Novo huanza na DEN. Namba hizo hutafutwa bure katika hazina za FDA mtandaoni, ambamo mtu ataona jina la kifaa, kampuni, tarehe, na matumizi yaliyoruhusiwa. Sehemu ya matumizi ndiyo ya kusomwa kwa makini, maana kifaa kilichoruhusiwa kwa watu wazima hakijaruhusiwa kwa watoto wachanga.

Vibali vya dharura vilivyotolewa wakati wa UVIKO-19 ni jambo jingine kabisa. Vilitolewa kwa ushahidi mdogo kwa sababu ya hali ilivyokuwa, na vingi vimekwisha kufutwa. Kifaa kinachouzwa leo kwa nguvu ya kibali cha dharura cha 2020 kinahitaji kuulizwa upya tangu mwanzo.

Na alama ya CE tuisome vipi?

Angalia kama pembeni yake kuna namba ya tarakimu nne. Namba hiyo ni ya taasisi ya ukaguzi iliyohusika. CE bila namba humaanisha kwamba kifaa ni cha daraja la chini na mtengenezaji amejitangazia mwenyewe. Kwa kitanda cha wagonjwa hilo ni halali, lakini kwa mashine ya kupumulia au kipandikizi ni dalili ya kasoro. Taasisi zote zinazotambuliwa zimeorodheshwa katika tovuti ya Tume ya Ulaya, pamoja na aina za vifaa ambavyo kila moja imeruhusiwa kukagua. Uingereza, baada ya kutoka katika Umoja, ilianzisha alama yake ya UKCA huku ikiendelea kukubali CE, na Ireland ya Kaskazini bado hufuata kanuni za Ulaya, kwa hiyo alama kwenye kifurushi kinachotoka huko inaweza kuwa yoyote kati ya hizo.

Je, nchi tajiri huruhusu viwanda vyao kuuza nje vifaa ambavyo havijaidhinishwa nyumbani?

Ndiyo, kwa masharti. Sheria ya Marekani inaruhusu kusafirisha vifaa ambavyo haviruhusiwi kuuzwa ndani ya nchi hiyo, mradi visikiuke sheria za nchi vinakokwenda, na kwa baadhi ya njia mradi viwe vimeidhinishwa katika mojawapo ya nchi zilizotajwa, ikiwemo Afrika Kusini. Maana yake ni kwamba sheria hiyo inaitegemea nchi inayopokea iwe na sheria zake na izisimamie. Nchi isiyo na sheria ya vifaa tiba haina kitu ambacho mzigo huo utakikiuka.

Kwa sababu hiyo waagizaji huombwa cheti cha kuuzwa kwa uhuru, kinachothibitisha kwamba kifaa kinauzwa kihalali katika nchi kilikotengenezwa. Wadhibiti wetu wako sahihi kukidai, na mwagizaji anayekiona kuwa ni usumbufu afikirie ni nani mwingine ambaye angeuliza swali hilo kama si wao.

Asia na Amerika ya Kusini zinatofautianaje?

Vifaa vingi vinavyoingia bandari za Dar es Salaam na Mombasa vinatoka China na India, kwa hiyo mifumo ya nchi hizo mbili inatuhusu moja kwa moja. China, chini ya mamlaka yake iitwayo NMPA, huandikisha vifaa vya kutoka nje vya daraja la II na III katika ngazi ya taifa, ilhali kifaa cha ndani cha daraja la II huandikishwa na jimbo. India ilikuwa na sheria kwa vifaa vichache tu kwa miaka mingi. Kanuni zake za vifaa zilianza kutumika Januari 2018, na tangu tarehe 1 Aprili 2020 vifaa vyote vinahesabiwa kisheria kama dawa. Utengenezaji wa madaraja A na B hupewa leseni na mamlaka za majimbo, na wa C na D hupewa na mamlaka kuu. India pia hudhibiti bei: Februari 2017 iliweka kikomo cha bei ya stenti za moyo, jambo ambalo FDA haina mamlaka ya kulifanya.

Japani humtaka mtengenezaji wa nje awe na mwakilishi aliye ndani ya nchi anayebeba wajibu kamili, na Brazili, kupitia mamlaka yake iitwayo ANVISA, huendesha mfumo wake wa madaraja manne chini ya kanuni ya mwaka 2022.

Hali ikoje Afrika Mashariki?

Tanzania Bara msimamizi ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Hadi mwaka 2019 ilikuwa TFDA na ilisimamia pia chakula na vipodozi. Kazi hizo zilihamishiwa Shirika la Viwango, na vifaa tiba vikaingizwa hadi katika jina la mamlaka. Afya si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina chombo chake, ZFDA, na kifaa kilichosajiliwa Dar es Salaam hakipaswi kudhaniwa kuwa kimekwisha kukubaliwa Unguja. Kenya kazi hii hufanywa na Bodi ya Famasia na Sumu, huku vitendanishi vya maabara vikihusisha pia bodi ya wataalamu wa maabara. Uganda ina Mamlaka ya Taifa ya Dawa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993, na Rwanda ina mamlaka yake ya chakula na dawa, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018.

Vyombo hivi vilikua kutokana na udhibiti wa dawa, na wafanyakazi wao wengi ni wafamasia. Hilo si kosa, lakini faili la mashine ya usingizi au la kipandikizi cha mfupa linahitaji mhandisi wa umeme, mtaalamu wa metali na mtaalamu wa programu. Katika mazingira hayo, kutumia uchunguzi wa mamlaka nyingine zenye uwezo mkubwa ni jambo la busara, na Shirika la Afya Duniani linaushauri utaratibu huo katika mwongozo wake wa udhibiti wa vifaa tiba uliotolewa mwaka 2017. Sharti lake ni moja: kinachotegemewa kiwe ripoti ya uchunguzi, si nembo iliyo kwenye boksi.

Mashine ya eksirei inahitaji vibali viwili?

Kwa Tanzania, ndiyo: mbali na TMDA, chanzo cha mionzi kinahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki. Kenya nayo ina mamlaka yake ya nyuklia. Marekani, usalama wa mashine yenyewe kiwandani husimamiwa na idara ile ile ya FDA inayosimamia vifaa. Hospitali ipange muda na ada za vyombo vyote viwili kabla ya kusaini mkataba wa ununuzi.

Tumepewa msaada wa mashine zilizotumika Ulaya. Je, kibali chake cha zamani kinafaa?

Kibali cha Ulaya kilihusu mashine mpya, yenye mwongozo, vipuri na fundi wa kampuni aliye karibu. Mashine ya miaka 12 iliyosafirishwa kwa kontena bila mwongozo haiko katika hali iliyokaguliwa. Mamlaka za nchi zetu hudai ruhusa kabla ya msaada kufika, na hospitali ina haki ya kukataa. Muombeni mtoaji kumbukumbu za matengenezo, uthibitisho kwamba mtengenezaji bado anauza vipuri, na taarifa za umeme: mashine ya Marekani iliyotengenezwa kwa volti 120 na hezi 60 haiwezi kuunganishwa moja kwa moja na umeme wetu wa volti 230 na hezi 50. Kukataa msaada mbovu si utovu wa shukrani, kwa kuwa gharama ya kuutupa itabebwa na hospitali yenyewe.

Je, kifaa cha kutumika mara moja kinaweza kutakaswa na kutumiwa tena?

Marekani anayefanya hivyo kwa ajili ya kuuza au kwa hospitali yake huhesabiwa kuwa mtengenezaji na hubeba masharti yote ya mtengenezaji. Ulaya kila nchi huamua: Ujerumani inaruhusu kwa masharti makali, Ufaransa imekataza. Katika hospitali zetu jambo hili hutokea kwa sababu ya uhaba, na mara nyingi bila kumbukumbu yoyote. Mabomba ya sindano hayana mjadala popote: yatumike mara moja tu.

Vipimo vilivyofanywa kwa wagonjwa wa nchi nyingine vinatosha kwa wagonjwa wetu?

Si kila mara, na kipima oksijeni cha kidoleni ni ushahidi. Kifaa hicho hupitisha mwanga katika ngozi na kukadiria kiwango cha oksijeni kwenye damu. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba upungufu wa oksijeni ambao kifaa hakikuuona ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Vifaa hivyo vilikuwa na vibali halali, na vilikuwa vimetumika kwa miongo kadhaa. Januari 2025 FDA ilitoa rasimu ya mwongozo inayotaka vijaribiwe kwa watu wengi zaidi wenye rangi mbalimbali za ngozi.

Kwa nchi ambazo karibu wagonjwa wote wana ngozi nyeusi, kasoro hiyo inagusa wodi nzima. Hapa ndipo mdhibiti wa Afrika Mashariki ana swali ambalo hakuna mwingine mwenye sababu kubwa ya kuliuliza kuliko yeye: kifaa kilijaribiwa kwa nani? Swali hilo hilo linafaa kwa vipimo vya haraka vinavyohifadhiwa kwenye joto la Lodwar au Tabora, na kwa vikokotoo vya kukadiria hatari ya ugonjwa vilivyotokana na takwimu za watu wa mbali.

Programu za simu na akili unde nazo ni vifaa tiba?

Zikikusudiwa kuchunguza au kuongoza tiba, kwa kawaida ndiyo. Hata hivyo mpaka umechorwa tofauti. Sheria ya Marekani ya mwaka 2016 iliziondoa katika udhibiti baadhi ya programu zinazomshauri daktari, iwapo daktari anaweza kuona msingi wa ushauri na kuupima mwenyewe. Ulaya ilielekea upande wa pili: chini ya kanuni ya 2017/745, programu nyingi zinazosaidia kufanya uamuzi wa kitabibu zilipanda kutoka daraja la I, la kujitangazia, hadi IIa au zaidi. FDA imekwisha kuorodhesha vifaa zaidi ya 1,000 vinavyotumia akili unde, vingi vikiwa vya kusoma picha za eksirei, CT na MRI. Programu inayojifunza kutokana na picha za hospitali za Boston haijathibitishwa kwa picha za mashine kuukuu ya hospitali ya wilaya, hata kama namba yake ya K ni halali kabisa.

Je, zipo juhudi za kuoanisha sheria hizi?

Zipo, na zimezaa matunda. Kikosi kazi cha kimataifa kilichoundwa mwaka 1992 na wadhibiti wa Ulaya, Marekani, Kanada, Australia na Japani ndicho kilichobuni madaraja ya A hadi D tunayoyatumia. Mwaka 2011 nafasi yake ilichukuliwa na jukwaa la wadhibiti liitwalo IMDRF. Australia, Brazili, Kanada, Japani na Marekani hutambua ukaguzi mmoja wa kiwanda kwa ajili ya zote tano, na Kanada huudai tangu Januari 2019. Kiwango cha ubora cha ISO 13485 kimekuwa lugha ya pamoja ya viwanda. Hata Marekani, iliyokuwa na kanuni zake za ubora, imeamua kukiingiza katika sheria zake kuanzia tarehe 2 Februari 2026.

Kwa Afrika, mkataba wa Wakala wa Dawa wa Afrika ulipitishwa mwaka 2019 na kuanza kuwa na nguvu Novemba 2021, makao yake yakiwa Kigali, na vifaa tiba vimo katika majukumu yake. Natamani wakala huo uanze na jambo moja kabla ya vibali vya pamoja: taarifa za pamoja za madhara, ili kasoro iliyoonekana Kisumu ijulikane Bukoba wiki hiyo hiyo.

Muuguzi au mgonjwa akiona kifaa kina hitilafu, afanye nini?

Atoe taarifa hata kama hana uhakika kwamba kifaa ndicho chenye kosa. Kuthibitisha ni kazi ya mdhibiti. TMDA ina fomu za kutolea taarifa za madhara ya vifaa tiba, na bodi ya Kenya ina mfumo wa mtandaoni ambao mgonjwa mwenyewe anaweza kuutumia. Marekani taarifa kama hizo huwekwa hadharani katika hazina iitwayo MAUDE, na mhandisi wa Mwanza anaweza kuitafuta leo hii kuona kama modeli aliyo nayo imelalamikiwa kwingine.

Taarifa iandikwe jina la kifaa, modeli, namba ya toleo au ya mashine, jina la mtengenezaji na la msambazaji, tarehe, na kilichompata mgonjwa. Kama kifurushi kina namba ya utambulisho wa kipekee, ambayo Marekani na Ulaya huwalazimisha watengenezaji kuiweka, kipigwe picha. Kifaa chenyewe kitengwe na kuwekewa alama ili kisitumiwe na mwingine. Kisitupwe, kisifunguliwe na fundi, na kisirudishwe kwa msambazaji kabla ya mamlaka kusema inakihitaji au haikihitaji.